Mishumaa miwili, rimoti moja, na Shangazi asiyeshindika

Kila niliyemwambia natafuta Wii ya mtumba, ile mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, ili ukoo mzima ucheze pamoja alinicheka. Wapo walionishauri ninunue mashine mpya kabisa. Mmoja alisema watu wazima hawachezi gemu, na jamaa mmoja anayejifanya fundi akadai kifaa cha mwaka 2006 hakiendani na runinga za siku hizi. Huyo wa mwisho aliukaribia ukweli kidogo, nitamrudia. Wengine wote niliwanyamazisha kwa bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira uangushe pini.

Niliipata kwa hela ya kawaida tu, pungufu ya bei ya gemu mbili mpya, pamoja na rimoti moja ya kuchezea na diski ya Wii Sports, gemu ya michezo kama tenisi na bolingi. Diski hiyo ilikuwa ikija ndani ya boksi la mashine karibu kila mahali isipokuwa Japani na Korea Kusini, ndiyo maana nakala zake zilipita milioni 82 na mpaka leo hazijaadimika. Muuzaji alisahau kunitajia jambo moja: ule ufito mweusi unaokaa juu au chini ya runinga ulikuwa umekatika waya. Mashine iliwaka, muziki ukalia, lakini kile kimkono cha kuchagulia vitu kwenye skrini hakikutokea kabisa.

Fundi wetu akatoa hukumu: ufito ndio unaosoma mikono, ukifa, mashine imekufa. Uongo mtupu! Ufito ule hausomi chochote. Ni taa ndogo za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, upande huu na upande ule, na waya wake kazi yake ni kuleta umeme tu. Kamera iko kwenye pua ya rimoti. Rimoti inaviona vinundu viwili vya mwanga, inakadiria imeelekezwa wapi, kisha inaiarifu mashine. Ukitaka kujua kama ufito wako unafanya kazi, utazame kupitia kamera ya simu, hasa ile ya mbele: taa ambazo macho yako hayazioni, simu nyingi huzionyesha kama vidoa vya zambarau. Wangu ulikuwa giza tupu.

Basi nikatafuta mwanga mwingine. Kwanza niliambiwa niweke tochi mbili za simu. Nikazipanga vizuri, nikazima taa za sebuleni, nikanyoosha rimoti kama askari. Kimya. Taa nyeupe za LED zinamulika chumba kizima, ila infraredi ndani yake ni ya kuokoteza. Akatokea mwingine na rimoti ya runinga, eti nayo inatoa infraredi. Inatoa kweli, lakini kwa kupepesa, na pale tu unapobonyeza, kwa hiyo kimkono kilitokea na kutoweka hapohapo, na kidole gumba cha mtu kikafa ganzi bure.

Dawa ilikuwa moto. Mshumaa hutoa infraredi kwa wingi. Nikasimamisha miwili mbele ya runinga, ikiachana kama sentimita 20, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaelekeza rimoti. Kimkono hicho! Kinatetemeka kidogo mwali unapopeperuka, lakini kipo na kinatii. Nilipiga kelele mpaka Shangazi akatoka chumbani.

"Umeme umekatika?"

"Hapana Shangazi, tunawasha gemu."

Alitutazama kwa muda, kisha akaketi kushuhudia mwenyewe.

Uzuri ni kwamba kwenye Wii Sports ufito, au mishumaa, unahitajika kwa kuchagua tu. Ukishaingia kwenye tenisi au bolingi, kazi inahamia kwa kihisi kingine ndani ya rimoti, kile kinachopima mchapuko wa mkono, yaani kasi yake inavyobadilika, na hicho hakijali mwanga. Kwa hiyo tuliwasha, tukachagua mchezo, tukapuliza, tukacheza. Mchezo ukiisha, kiberiti tena. Watoto waliufurahia upulizaji kuliko gemu yenyewe. Ila usiiache mishumaa ikiwaka watu wakiwa wanarusha mikono, na usiiweke karibu na pazia. Baadaye nilinunua ufito unaotumia betri, bei yake si ya kuongelea.

Sasa narudi kwa fundi. Tenisi ilitusumbua: kila mtu alikuwa akipiga kwa kuchelewa, mpira unapita, kisha mchezaji ndipo anapunga. Watu wakasema rimoti imechoka. Rimoti ilikuwa nzima. Runinga bapa za kisasa huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, na picha ya Wii, ambayo mwisho wake ni mistari 480, huchakatwa zaidi ili ienee kwenye skrini kubwa. Unachokiona kimeshapita. Ingia kwenye mipangilio ya runinga, tafuta hali ya gemu (Game Mode), iwashe. Tofauti utaiona mpira wa kwanza tu.

Na msisikilize wanaosema piga kwa nguvu! Kwenye tenisi ya Wii Sports miguu inakimbia yenyewe. Wewe kazi yako ni wakati. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mpira ukimjia upande wake wa kulia, ukiwahi unakwenda kushoto, ukichelewa unakwenda kulia. Mjomba alirusha mkono kama anayefukuza nyuki, akatokwa jasho, akafungwa. Shangazi alichukua rimoti akiwa bado kwenye kiti, akavaa kamba ya mkononi, na kwa kiganja tu akamaliza vijana wote. Walilalamika kwamba si haki. Mimi naona hapo ndipo utamu ulipo: mashine haijui kama umesimama, umeketi au umejilaza, na kutojua huko ndiko kunakomruhusu mtu asiyewahi kushika gemu amshinde kijana anayeshinda nazo kutwa.

Hiyo kamba ivaeni, si pambo. Desemba 2006, mashine ikiwa na wiki chache tu sokoni, Nintendo ilianza kuwabadilishia wanunuzi kamba nyembamba kwa nene zaidi kwa sababu rimoti zilikuwa zikiruka. Mwaka uliofuata ikaongeza soksi za mpira za kufunika rimoti. Sogezeni meza pia.

Kwa mwenye rimoti moja kama mimi, mkombozi ni bolingi na gofu: watu wanne wanapokezana rimoti hiyohiyo. Bolingi ndiyo inayofanana zaidi na kitu chenyewe. Unabana kitufe cha B, unazungusha mkono, unaachia, na ukikunja kiganja mpira unapinda. Ukiachia mkono ukiwa nyuma, mpira unaangukia watazamaji wa kwenye skrini, nao wanaruka kwa hofu. Binamu yangu alifanya hivyo makusudi usiku kucha, hakupata pointi, na hakuna aliyechekwa kwa furaha kama yeye.

Mabaya yapo. Ndondi kwanza inataka kile kidhibiti cha pili cha waya kwa mkono wa kushoto, kisha unatupa ngumi safi, jamaa wa kwenye skrini anawaza, halafu anatupa nyingine. Anayetikisa mikono ovyo anamshinda anayepiga kwa mpango. Besiboli ni kupiga na kurusha tu, kudaka mashine inajifanyia. Michezo ni mitano, ikiisha imeisha. Na kile kipimo cha umri wa mwili, ambacho bora ni miaka 20 na mbaya kabisa ni 80, usikifungue mbele ya wageni. Mimi kilinipa umri wa Mjomba.

Wanaotaka usahihi wana Wii Sports Resort ya mwaka 2009, pamoja na kile kiongezo cha jairoskopu kinachojua rimoti imegeukia wapi. Niliiazima. Kweli, kwenye pambano la upanga, upanga unafuata mkono wako sawasawa, na kwenye tenisi ya mezani kiganja kilicholala kinaonekana kimelala. Tatizo, ujanja wa kwenye kiti hauna nafasi tena. Shangazi alipigwa panga hadi akatumbukia majini, akauliza diski ile nyingine iko wapi, na tukairudisha.