Benchi hujengwa Novemba

Ukitaja basketi ya wanawake ya vyuo vya Marekani hapa Mombasa, kila mtu atakwambia Caitlin Clark, Caitlin Clark, aliyekuwa nyota wa chuo cha Iowa, na mimi sina neno na yule dada, mpira anaujua. Lakini ile fainali ya Iowa na South Carolina ya tarehe 7 Aprili 2024 mimi macho yangu yalikuwa kwa benchi, wale wachezaji wa akiba. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, gemu ikaanza saa nne usiku saa zetu, watu washatoka tarawehe, kwa hivyo wengi tuliiona laivu. Iowa wakaingia na moto, Clark peke yake akatia pointi 18 kwota ya kwanza, 27 kwa 20, watu washaanza kusema South Carolina kwisha habari yao.

Halafu Dawn Staley, kochi wa South Carolina, akaanza kuzungusha watu. Anatoa huyu anaingiza yule, anatoa anaingiza, na kila anayeingia anakaba kama aliyetoka, na wale wa Iowa miguu inazidi kuwa mizito tu. Ikaisha 87 kwa 75. Sasa sikia hii: pointi za waliotokea benchi, South Carolina 37, Iowa sifuri. Sifuri! Na aliyefunga nyingi zaidi upande wa washindi ni Tessa Johnson, pointi 19, mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye hata hakuanza gemu.

Watu wakiona vile husema ah, wale wana skolashipu, wanachukua wachezaji bora nchi nzima, lazima benchi iwe nzito. Ni kweli, lakini si yote. Gemu yao ni kwota nne za dakika kumi kumi, watu watano uwanjani, piga hesabu ni dakika 200 za kugawa basi, haziongezeki hata ukisajili malkia kumi na watano. Kumpa mmoja ni kumnyima mwengine. Kochi anaweza kuwa na benchi imejaa majina na bado hana benchi, kwa sababu wale wasichana hawajawahi kuingia gemu ikiwa bado moto. Msimu wao unaanza Novemba, na hapo ndipo benchi inapojengwa. Ukingoja mpaka Machi mashindano ya kutafuta bingwa wa nchi yaanze ndio umtafute mtu wa sita, yule wa kwanza kutoka benchi, humpati.

Tazama Kamilla Cardoso wa South Carolina. Dada Mbrazili, mrefu, na msimu wa 2022-23 alikuwa anatokea benchi nyuma ya Aliyah Boston, ambaye baadaye alichukuliwa wa kwanza kabisa kwa drafti ya WNBA, pale timu za ligi ya kulipwa ya wanawake zinapochagua wachezaji wapya. Timu nyingine yoyote Cardoso angeanza. Mwaka ule walifungwa na Iowa nusu fainali, 77 kwa 73, kisha wote watano walioanza wakaondoka, wote watano kwa mpigo! Timu nyingine ingekaa miaka kujipanga. Wao msimu uliofuata walimaliza 38 kwa sifuri, na Cardoso akawa mchezaji bora wa mashindano. Hao hawakuokotwa barabarani, wengi wao ni watu wa benchi ambao dakika zao walikuwa washapewa.

Lakini pia siwezi kumlaumu msichana anayechoka kungoja. MiLaysia Fulwiley, kipaji cha ajabu, misimu miwili South Carolina zaidi alikuwa anatokea benchi, 2025 akahamia LSU, chuo cha Louisiana. Siku hizi kule mchezaji anahama bila kukaa nje msimu mzima kama zamani, kwa hivyo kochi akikuahidi dakika na asikupe, unafunga virago. Na mimi naona ni haki yake. Ujana wa mchezaji ni mfupi.

Na timu isiyo na watu nayo hupata taabu kwelikweli. Januari 2023 UConn, chuo cha Connecticut, UConn ile ya kochi mkongwe Geno Auriemma, walilazimika kuahirisha gemu na chuo cha DePaul kwa kuwa majeruhi walikuwa wengi mpaka hawafiki wachezaji saba wanaohitajika. Mwaka mmoja baadaye chuo cha TCU huko Texas wakaachia gemu mbili bila kucheza, kisha wakaita wanafunzi wa kawaida waje wafanye majaribio ili timu itimie.

Nayasema haya kwa sababu mimi hufundisha wasichana mtaani, na joto letu la Februari mwalijua, saa tisa uwanja wa simiti unachoma mpaka kupitia soli ya kiatu, halafu unakuta kochi anang'ang'ania watano walewale mpaka kwota ya nne. Ndimi zinaning'inia. Wale wengine anawaingiza dakika mbili za mwisho wakiongoza kwa ishirini. Hizo si dakika, hayo ni makombo, na mtoto anajua.

Juzi mama mmoja alinijia baada ya gemu na mfuko wa nguo mkononi, akatoa jezi ya bintiye akaniwekea mbele ya uso. "Kochi, hebu nusa. Kila wiki yaja nyumbani hivi hivi, haina hata jasho. Mwanangu yuaja kucheza ama yuaja kushika maji?" Nikamwambia mamangu, una haki. Sikumpa hadithi ya subira, maana subira bila dakika ni kumpotezea mtoto wa watu wakati.

Tumekubaliana na kochi mwenzangu, ingawa bado ananuna: kwota ya pili ni ya benchi, gemu zote za mzunguko wa kwanza, tukiongoza ama tukiongozwa. Yule binti gemu iliyofuata aliingia, akapata fauli mbili chapchap na kupoteza mpira kwa woga, mwenzangu akaniangalia kama kusema mtoe. Sikumtoa. Baadaye akadaka rebaundi katikati ya watu wawili wakubwa kumliko, akaitoa pasi safi. Jumamosi ataingia tena kwota hiyohiyo, na wapinzani wetu safari hii ndio wanaoongoza ligi.