Dokta wa vidonge vya majira alianza na wanawake waliotafuta mtoto

Ukikaa kliniki ya uzazi wa mpango hapa Kigoma hata wiki moja tu utalisikia hili neno mpaka ulizoee, "nesi mi sitaki majira, yatanifunga kizazi." Wanasema mabinti wa Katubuka, wanasema kinamama wa Ujiji wenye watoto watano, na wanaume waliokaa nje kwenye benchi wanawasubiri wake zao wanasema hivyo hivyo. Sisi manesi tunajibu kama tulivyofundishwa, vidonge hivi vya kuzuia mimba havifungi, ukiacha unazaa, haya mwingine aingie. Ila kuna mtu nimekuwa nasoma habari zake kwa muda sasa na nimeona nikiwasimulia yeye watu wanatega sikio kuliko nikitoa yale maelezo ya siku zote, ndo maana leo namleta hapa.

Anaitwa John Rock. Daktari wa kinamama wa Marekani, kazaliwa 1890 Marlborough, Massachusetts, Mkatoliki wa kweli kweli yaani misa kila siku, msalaba ukutani juu ya meza yake ya kazi, na watoto watano nyumbani. Miaka mingi alikuwa hospitali moja Brookline pale jirani na Boston, Free Hospital for Women, na kazi yake kubwa ilikuwa wanawake wasiopata mtoto. Hao ndo walikuwa wanajaa kwake. Na huyu huyu ndo mmoja wa waliotuletea vidonge vya majira.

Kumbuka enzi hizo Massachusetts sheria inakataza kabisa daktari kumpa mtu njia ya kuzuia mimba, na kanisa lake linakataza pia. Lakini mwaka 1931 madaktari wa Boston walipoandika kuomba hiyo sheria ilegezwe naye akasaini, Mkatoliki peke yake kati yao, na 1936 akafungua kliniki ya kuwafundisha wanawake kuhesabu siku, hii kalenda tunayofundisha mpaka leo. Ukifikiria vizuri kalenda ni ile ile kwa anayetafuta mtoto na kwa anayetaka kupumzika, siku ni zile zile, tofauti ni unazitumia au unazikwepa. Mi naona mzee huyu aliyaona mambo yote mawili kama kazi moja tangu mwanzo, na hapo ndipo nilipompendea.

Sasa kuna mama mmoja maabara kwake, Miriam Menkin, nae lazima nimseme maana watu wanamsahau. Rock alimwajiri atafute kama yai la mwanamke linaweza kurutubishwa nje ya mwili, kwenye kichupa. Basi ikawa siku za upasuaji Menkin anasubiri nje ya theatre, mgonjwa anayetolewa kizazi au kipande cha ovari akishatolewa yeye anapokea anakimbia nacho maabara, anatafuta yai, yai lenyewe dogo huwezi kuliona vizuri bila darubini, analisafisha, analiweka, kesho yake anaongeza mbegu za kiume halafu anasubiri. Miaka sita hivyo, hakuna kitu. Februari 1944 alikuwa hajalala, mwanae mdogo anaota meno, usiku mzima analia, amefika kazini amechoka. Mbegu ambazo huwa anaziosha mara tatu siku hiyo akaziosha mara moja, akaweka nzito kuliko kawaida, akaziacha na yai kama saa zima badala ya nusu saa. Aliporudi kuangalia yai limegawanyika mawili. Walitoa ripoti kwenye jarida la Science Agosti ile ile ya 1944, ya kwanza kabisa kwa binadamu, na wanawake wenye mirija iliyoziba wakaanza kuwaandikia barua kuuliza lini itakuwa zamu yao. Zamu yenyewe ilichelewa sana, Menkin alihama kumfuata mumewe kikazi, huko alikoenda hawakumruhusu kuendelea na utafiti ule, na mtoto wa kwanza wa kupandikizwa, Louise Brown, akaja kuzaliwa Uingereza Julai 1978. Nikifikiria wale waliotuma barua 1944 wengi walikuwa wameshakoma hedhi. Inauma.

Turudi kwenye vidonge, maana hapa ndo penyewe.

Mwaka 1953 hivi Rock alikuwa na wagonjwa 80 ambao ameshawapima kila kitu na haoni kwanini hawashiki mimba. Akafikiri labda kizazi na mirija havijakomaa vizuri, vikipumzishwa kwa homoni kama zile za mimba vitapata nguvu. Akawapa estrojeni na projesteroni miezi mitatu mfululizo, mayai yakalala yaani hayakutoka, hedhi zikakata, maziwa yakajaa, wengine kichefuchefu, wakaamini kabisa wana mimba na yeye ikabidi awaambie hapana mama, ni dawa. Hebu jiweke nafasi ya yule mwanamke. Lakini walipoacha dawa, ndani ya miezi minne asilimia 15 hivi walishika mimba kweli. Haikuja kuwa tiba ya ugumba baadae, kwahiyo mtu asiende kununua majira kesho akitegemea mapacha, ila angalia ushahidi ulivyokaa: kati ya watu wa mwanzo kulazwa mayai yao kwa dawa za namna hii walikuwemo hawa waliokuwa wanatafuta mtoto, na walipoacha hawakufungwa kizazi, wapo waliobeba.

Wakati huo huo watafiti wawili, Gregory Pincus na mwenzake Min Chueh Chang, walikuwa wanajaribu projesteroni kwa sungura, wao shida yao ni kuzuia mimba, hela zinatoka kwa mama mmoja tajiri Katharine McCormick. Pincus sio daktari wa watu, hawezi kumpa mwanamke dawa, akamhitaji Rock. Na Pincus ndo alimwambia usiwape mfululizo, wape siku 20 halafu simamisha waone siku zao, wasije wakateseka kudhani wana mimba. Chukua pakiti ya majira tunayotoa kliniki uitazame, vidonge 28, vile 21 vyeupe ndo vyenye dawa na 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Vile vya kahawia ni ile nafasi ya kuona siku zako iliyoanzia kwa wale wanawake wa Rock waliokuwa wanalia kwamba mimba waliyodhani wanayo haipo.

Sitasema yote yalikuwa mazuri. 1956 walipeleka majaribio makubwa Puerto Rico, Rio Piedras, kwa wanawake maskini, wakaambiwa dawa inazuia mimba lakini hawakuambiwa kwamba wao ndo wanajaribiwa. Wakalalamika kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma, daktari aliyekuwa anasimamia pale Edris Rice-Wray akaripoti kabisa kwamba madhara ni mengi, kina Pincus wakaona ni mawazo tu ya wanawake. Si mawazo. Kidonge chao hicho, kilichoitwa Enovid, kilikuwa na estrojeni mikrogramu 150, hiki chetu cha leo kina 30. Mwanamke akikwambia dawa inanizungusha kichwa mwamini, andika kwenye kadi, mbadilishie. Hilo nasema kwa wauguzi wenzangu wa wilayani wanaosoma hapa, nimeona mama anaambiwa "utazoea" halafu anaenda nyumbani anatupa pakiti chooni, na mwakani anarudi na mimba asiyoitaka.

Enovid iliruhusiwa Marekani 1957 kwa matatizo ya hedhi, 1960 kwa kuzuia mimba. Rock akaandika na kuzunguka akitetea kwamba kidonge kinatumia homoni za mwili wenyewe kuongeza siku salama, kwahiyo kanisa lingeweza kukikubali. Julai 1968 Papa Paulo wa Sita akatoa waraka, akakataa. Rock alikuwa na miaka 78. Hapa kwetu ambapo wamisionari walitangulia na hospitali kabla ya serikali kufika vijiji vingi, huo mvutano naujua, ninao wateja wanaotoka misa wanakuja kliniki wamejifunika khanga mpaka usoni. Siwahukumu wao wala simhukumu padri, nawapokea tu.

Ila ninachokitaka zaidi ni ule upande wa kwanza wa Rock, maana sisi tumeuacha. Chumba cha kupunguza watoto kipo, kina mabango na mpira na vijiti na sindano, anayetafuta mtoto anaambiwa aende wapi? Anaishia kwa waganga. Kuna dada mmoja, mumewe mvuvi wa dagaa, miaka mitatu hajashika na mama mkwe ameshaanza kumtafutia mume mke mwingine. Nikamuuliza bwana anakuwepo lini, akasema giza la mwezi yupo ziwani kambi, mwezi ukiwaka anarudi. Tukachukua kalamu tukahesabu nyuma siku 14 kutoka hedhi inayofuata, siku zake za rutuba miezi mingi zinaangukia gizani, bwana yupo na karabai zake ziwani huko. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza hilo swali. Nikamwambia bwana aombe likizo ya giza moja au mawili, na akija aje na yeye apimwe mbegu, akacheka akasema nesi hawezi kukubali huyo.

Wanaume wa Kigoma someni hapa. Mara nyingi tatizo liko kwenu pia, na kupima ni kutoa mbegu kwenye kikopo tu, hakuna kisu. WHO walisema 2023 mtu mzima mmoja kati ya sita anapitia ugumba, sio wanawake tu. Na mirija huku inazibwa sana na kisonono na klamidia zisizotibiwa, na uchafu unaoingia baada ya kutoa mimba kwa kificho au kujifungua pabaya, sio majira.

Sindano ya uzazi wa mpango ndo inachelewesha kidogo, nawaambia ukweli wateja wangu wote, toka sindano ya mwisho inaweza kuchukua miezi 9 au 10 kabla ya kushika, wengine zaidi, kwahiyo kama una mpango wa mtoto mwakani usichome, chukua vidonge au kondomu. Na kama mmekaa mwaka mzima mnakutana bila kinga na hamna kitu, au miezi sita kama mama ana miaka 35 kwenda juu, njooni wote wawili, mama alete tarehe za hedhi zake za miezi mitatu hata kama ameziandika nyuma ya daftari la mtoto wa dada yake.