Ramadhani ya maji mlangoni

Ramadhani ya 2021 ilianza katikati ya Aprili, na sisi pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, tulianza kufunga maji yashafika kibarazani. Ziwa Tanganyika lilikuwa linapanda tangu mwaka wa nyuma, na halikuja kama mafuriko ya mto yanayovamia usiku asubuhi yameshaondoka, hapana, hili lilikuja pole pole, wiki hii jiwe la kufulia unaliona wiki ijayo hulioni tena. Chanja za mama za kuanikia dagaa ndo zilitangulia, ule mchanga wote wa akina mama ukawa ziwa, yaani dagaa wanaogelea pale pale tulipokuwa tunawaanika.

Kaka ndo alipasuka. Jioni moja tunangoja adhana, uji upo jikoni, mihogo ishaiva, akaropoka, "Mama we unaswali tangu mimi sijazaliwa, hela ya mtu hujawahi kula, sasa Mungu kakulipa nini, kakuletea ziwa ndani!"

Nikajua leo kuna mtu atapigwa mwiko. Mama hakumpiga, alianza kulia, analia huku anakoroga uji usije ukaungua. Akasema, "Lia na wewe baba, Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe na alikuwa mtume, ila alimlilia Mungu mwenyewe, hakwenda kumsema kwa watu. Mi usiku nikisimama namwambia yote, hata hayo unayoyasema. Ila kusema kanionea siwezi. Ziwa hili limewasomesha nyie, mbona siku zile hamkuuliza mama yetu kafanya nini mpaka akapewa?"

Kaka hakujibu, adhana ikalia, tukafungua kwa tende.

Waliokuwa wananiudhi mimi ni wale wa kuja kutupa pole, wengine wanakaa huko juu kwenye kukavu kabisa, anakwambia eti jichunguzeni labda kuna dhambi. Dhambi gani ya Kibirizi tu, na Katonga nao maji yaliwaingilia, na ng'ambo Burundi pia, wote tumekosea siku moja? Mjomba wa Ujiji ndo alinituliza, yeye alikuja na debe la mawese akatuambia ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kongo, mvua zikizidi miaka miwili mitatu maji yanajaa na hayana pa kukimbilia haraka. Akasema nendeni pale kwenye mnara wa Livingstone alipokutana na Stanley 1871, leo ukitoka pale unatembea kidogo ndo uuone ufukwe, zamani ziwa lilikuwa karibu. Mama akasema basi wacha lije kutembelea kwao.

Baada ya Idi tukahamia chumba cha kupanga Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini. Mwezi ulipokuwa mkubwa mitumbwi haikwenda, maana dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, tukakaa bila kitu, ila giza lilivyorudi mama akashuka mwaloni alfajiri akakopa beseni moja la dagaa, akaanika kwenye turubai uani kwa watu, mwenye nyumba analalamika harufu mchana kutwa na jioni anaomba za mboga.

Kaka siku hizi yuko kwenye mitumbwi. Ijumaa anaenda msikitini, siku nyingine sijui, na mama hamuulizi.