Maji yalitangulia

Leo kuna mtu kafungua chupa ya oili ya gia karibu yangu, ile harufu ya salfa inayogoma kutoka mikononi, nikamkumbuka mjomba na mashine yake ya boti, ile kuukuu ya silinda moja iliyokuwa inawaka kwa kamba na matusi.

Mguu wa mashine, kile kipande cha chini chenye gia na propela, ulikuwa unavuja. Mjomba akaagiza isimamishwe wima usiku kucha na isiguswe. Mi nikaona uvivu tu. Asubuhi akaniita nishike tochi.

Kuna skrubu mbili ubavuni, ya juu na ya chini. Ya chini ilikuwa imeganda, akatafuta bisibisi iliyojaa vizuri kwenye mfereji wake, akaigonga kichwani kwa nyundo kabla ya kuzungusha, maana ukikimbilia kuzungusha mfereji unalika na hapo umejitafutia kesi ya kutoboa. Akailegeza tu, hakuitoa. Likadondoka tone la maji. Maji kabisa, masafi. Likaja lingine. Nikauliza maji yamefikaje mule.

"Subiri kwanza. Maji mazito kuliko oili, yanajikusanya chini, ndo yanatangulia."

Akaitoa skrubu yote, oili ikachungulia tu ikagoma. Akafungua ya juu hewa ipite, hapo ikashuka, nzito, rangi ya chai ya maziwa. Mjomba akaikinga kwa vidole viwili akawa anasugua taratibu, macho kafumba, hasemi kitu, mi nimebana pumzi kana kwamba mashine ni yangu. Halafu akaninyooshea mkono.

"Sugua, mjomba. Unasikia mchanga?"

"Sisikii."

"Basi gia zimepona. Maziwa ni sili, mchanga ni gia."

Kweli bwana, kutoa propela tukakuta mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, umeichana sili, ile raba inayozuia maji yasiingie. Ikawekwa sili mpya, wosha mpya za skrubu, na impela ya pampu ya maji nayo ikabadilishwa maana mabawa yake ya raba yalishapinda yakakataa kurudi. Oili mpya aliisukuma kwa mpira kutokea tundu la chini mpaka ikatokeza juu bila mapovu, akaziba juu kwanza ndo akachomoa mpira na kuziba chini, mana ukianza na chini unaachia juu wazi oili yote inakutoka.

Ningependa kusema siku ile nilifunzwa subira, ila mjomba huyohuyo foleni ya watu watatu inamshinda. Labda subira yake ni ya vyuma tu. Nilishamuuliza kama alikuwa ananifundisha ufundi au alitaka tu mtu wa kumshikia tochi, akanijibu kwamba hata hiyo tochi nilikuwa namulika pembeni.