Ni Nini Hicho Mkononi Mwako?

Assalamu alaykum ndugu zangu katika imani. Ijumaa hii tusimame kidogo kwenye Surat Taha, pale Mwenyezi Mungu anapomuuliza Nabii Musa, amani iwe juu yake, ni nini kilichomo katika mkono wake wa kulia. Musa akajibu kuwa ni fimbo yake, ambayo huiegemea na kuwaangushia majani kondoo wake. Mola aliijua fimbo hiyo. Lakini kabla ya kumtuma kwa Firauni alianza na kitu alichokizoea, akamwamrisha aitupe, ikageuka nyoka, kisha akamwambia aishike wala asiogope. Musa alilijaribu jambo lile mbali na macho ya watu, kabla ya kusimama mbele ya wachawi. Hata baada ya hapo aliomba akunjuliwe kifua, afunguliwe fundo la ulimi na apewe nduguye Harun awe msaidizi wake, naye hakukemewa kwa kuomba, bali alipewa.

Nimezirudia aya hizo kwa ajili ya vijana wetu wa hapa Lamu, ambao tukiwauliza wanataka kufanya kazi gani huinamisha vichwa, nasi tukasema wana haya. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana zaidi na yale aliyoyafanya mwenyewe akafaulu. Kisha huja kuwaona wenziwe wakifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na moyo wake wakati ule. Maneno yamo, lakini si ya kwanza, na sisi wazazi tumekuwa wepesi wa mawaidha na wazito wa kuwakabidhi kazi.

Maneno yenyewe nayo huweza kuvunja. Binti yangu alipokuwa na miaka 13 alijaza daftari zima kwa maua ya hina, nami nikamwambia aache mchezo asome. Aliacha, na hadi leo akiombwa kumpaka bibi harusi hina, mkono wake hutetemeka. Nikisoma kauli ya Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa miaka 10 tangu utotoni, kwamba hakuwahi kumwambia hata "ah", wala kumuuliza kwa nini umefanya hivi, naumia.

Jumanne nilipita mtaa wa Langoni nikamwona fundi wa milango amempa mwanafunzi wake kipande cha mbao kilichosalia, amemchorea ua kwa penseli. Kijana akaipiga patasi kwa nguvu mno, kibanzi kikubwa kikabanduka na nusu ya ua ikaenda nacho. Akaduwaa, macho yake mlangoni. Fundi hakusema neno. Alikichukua kile kipande, akakigeuza upande wa pili uliokuwa mzima, akachora ua jingine taratibu, kisha akamrudishia patasi.