Kwa Nini Feni ya Pikipiki Huunguruma Tukishasimama

Mara nyingi ninapofika Pangani kutoka Tanga mjini, jambo la kwanza linaloulizwa na vijana wanaopumzika kivulini karibu na kivuko si bei ya pikipiki yangu wala mwendo wake, bali ile sauti inayobaki baada ya ufunguo kuchomolewa. Injini imenyamaza, lakini chini ya tangi la mafuta kuna kitu kinaunguruma dakika mbili tatu, kisha kinajizima chenyewe. Kijana mmoja aliwahi kunikimbilia akidhani nimejisahau. "Kaka, inawaka hiyo!" Nikamwonyesha feni iliyo nyuma ya rejeta, kile kifaa cha kupozea maji ya injini, akainama akachungulia, kisha akauliza swali lililonikaa kichwani njia nzima ya kurudi: ikiwa feni ni ya kupoza injini, mbona inazunguka injini ikiwa imeshazimwa, na huko njiani ulikotoka mbio haikuzunguka?

Petroli inapoungua ndani ya silinda, ni robo hivi ya nguvu yake, au theluthi injini ikiwa nzuri sana, ndiyo inayogeuka kuwa kazi ya kusukuma tairi. Iliyobaki yote ni joto. Sehemu kubwa hutoka na moshi, na sehemu nyingine huingia katika chuma cha silinda, katika hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na katika oili, na hiyo ndiyo inayopaswa kuondolewa muda wote injini inapofanya kazi, la sivyo oili huwa nyepesi kama maji, pistoni hutanuka na kukwaruza ukuta wa silinda, na gasketi ya hedi huungua. Hakuna feni inayoliangamiza joto hilo. Kinachowezekana ni kulihamisha tu, litoke kwenye chuma liingie hewani, na tofauti kati ya pikipiki na pikipiki ni namna linavyohamishwa.

Bodaboda nyingi tunazopanda hapa Tanga, kuanzia Kange hadi Raskazone, hazina rejeta wala feni. Silinda zake zimezungushiwa mapezi membamba ya aluminiamu, ambayo kazi yake ni kuongeza eneo linaloguswa na upepo wa mwendo. Ni njia ninayoiheshimu sana, kwa sababu haina kitu cha kuvuja, cha kuziba wala cha kukatika waya. Lakini upepo huo upo wakati chombo kinakwenda tu. Dereva anayekaa kijiweni nusu saa bila kuzima injini, akisubiri abiria katika jua la saa saba, anaichosha injini yake bure, na aliyening'iniza mpira mpana wa kuzuia matope chini ya madigadi ya mbele, ukaifunika silinda yote, ameuzuia upepo ule ule unaomtunzia injini.

Bajaji ina taabu nyingine, kwa kuwa injini yake imefichwa nyuma, chini ya kiti cha abiria, mahali ambapo upepo wa mwendo haufiki ipasavyo. Ndiyo maana bajaji nyingi zina feni iliyofungwa kwenye gurudumu zito la injini lenyewe, ikafunikwa na bati linaloelekeza hewa kwenye mapezi ya silinda. Feni ya namna hiyo haina swichi wala sensa. Injini ikizunguka nayo huzunguka, injini ikizimwa nayo husimama. Vespa za Italia zilitumia mpango huo tangu zilipoanza kutengenezwa mwaka 1946.

Pikipiki yangu, yenye injini ya ujazo wa cc 250, ni ya kundi la tatu, linalopozwa kwa maji. Maji hayo, ambayo kwa usahihi ni kulanti, husukumwa na pampu inayoendeshwa na injini na kupita katika njia zilizochongwa kuizunguka silinda na hedi. Injini ikiwa baridi, mlango mdogo uitwao thamostati huwa umefungwa, hivyo maji huzunguka ndani kwa ndani na injini hupata joto lake haraka. Yanapofikia nyuzi 80 na kitu, mlango hufunguka na maji huenda kwenye rejeta, ambako hupita katika mirija iliyoshikana na vijipezi vyembamba kama karatasi, na kuacha joto lake hewani kabla ya kurudi tena kwenye injini.

Hapo ndipo jibu la yule kijana lilipo. Pikipiki inapokwenda kilomita 60 au 70 kwa saa, upepo unaopita katika rejeta ni mwingi kuliko ule ambao feni ndogo ya umeme ingeweza kuuvuta, na kuiwasha wakati huo kungekuwa kupoteza umeme bure. Feni imewekwa kwa ajili ya nyakati ambazo upepo haupo: kwenye taa za barabarani, kwenye msururu wa malori yanayoelekea bandarini, kwenye tope ambapo mtu huenda gia ya kwanza kwa dakika kumi. Yangu huwaka mshale wa joto ukifika nyuzi 103 na huzima ukishuka hadi 98. Tofauti hiyo ya nyuzi tano imewekwa makusudi, kwa sababu feni ingekuwa inawaka na kuzima katika nyuzi ile ile moja, ingecheza kama jicho linalopepesa, na rilei yake, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha, isingemaliza mwaka.

Wengi hushtuka wakisikia nyuzi 103, kwani shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Huchemka kwa nyuzi 100 katika sufuria iliyo wazi hapa usawa wa bahari. Lushoto, mita 1,400 hivi juu, sufuria hiyo hiyo huchemka karibu na nyuzi 95, na ndiyo maana maharage huko huchukua muda mrefu kuiva. Rejeta si sufuria iliyo wazi. Mfuniko wake una springi na mpira unaozuia mgandamizo mpaka uuzidi ule wa hewa ya nje kwa karibu bar 1.1, na chini ya mgandamizo huo hata maji matupu hayachemki kabla ya kupita nyuzi 120. Kwa hiyo nyuzi 103 ni hali ya kawaida kabisa, ila mpira wa mfuniko huo ukishachakaa, maji yataanza kuchemka na kumwagikia kwenye chupa ya akiba ilhali feni inafanya kazi yake vizuri, na mwenye pikipiki atailaumu feni bure. Sababu hiyo hiyo ya mgandamizo ndiyo inayofanya iwe hatari kubwa kufungua mfuniko injini ikiwa ya moto. Maji yaliyokuwa yametulia huruka kwa ghafla yakiwa mvuke, na hukutana na uso na mikono ya aliyefungua.

Na baada ya kuzima? Injini ikisimama, pampu nayo husimama, na maji yaliyo ndani ya hedi hubaki palepale yakiendelea kupokea joto kutoka kwenye chuma kilichokuwa kikifanya kazi sekunde moja iliyopita. Mshale hupanda nyuzi kadhaa bila tone moja la petroli kuungua. Katika baadhi ya pikipiki, kama hii yangu, feni imeunganishwa na betri kwa namna ambayo inaweza kuendelea kuzunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni; katika nyingine umeme wake hukatwa na ufunguo na feni hunyamaza papo hapo. Zote mbili ni sawa, na kitabu cha pikipiki ndicho kinachoeleza ipi ni ipi. Nikiri kwamba faida ya feni wakati huo si kubwa kama sauti yake, maana maji hayazunguki tena. Inapoza yale yaliyomo ndani ya rejeta na kuitoa hewa ya moto iliyonaswa chini ya tangi, basi.

Nimeyajua haya kwa uzito mpya mwaka ambao feni yangu iliniharibikia mara mbili, mara ya pili kwa mkono wa fundi. Ninaishi karibu na bahari, na upepo wa chumvi hauchagui. Siku moja nikiwa nasubiri taa, niliona mshale umepita 110 na feni iko kimya. Nilizima, nikaisukuma pikipiki hadi kivulini. Jioni nilipoivuta plagi ya waya za feni, ndani yake mlikuwa na unga wa kijani uliojaa kama ukungu wa mkate, na kijiti kimoja cha shaba kilivunjika kwa kuguswa na ukucha. Mota ilikuwa nzima na fyuzi ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kiungo cha ukubwa wa kidole gumba.

Fundi niliyempelekea aliikata plagi yote akaunganisha waya moja kwa moja, akafunga tepu, akawasha, feni ikazunguka. Tukashukuriana. Lakini tangu siku hiyo, feni ikishawaka haikuwa ikizima tena, na mshale ulikuwa unapanda pole pole hata nikiwa mwendo wa kilomita 30 au 40 nyuma ya lori kutoka Pongwe. Nilibadilisha kulanti, nikanunua mfuniko mpya, nikaosha rejeta, na hali ikabaki ile ile. Ni fundi mwingine, mzee wa makamo mwenye banda lake Ngamiani, aliyeigundua ndani ya dakika moja bila kushika spana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshachuchumaa mbele ya gurudumu, akaninyooshea mkono. "Mwanangu, weka kiganja chako hapa mbele ya rejeta." Nikaweka. Nilihisi hewa ya moto ikinipuliza.

Feni ya pikipiki hukaa nyuma ya rejeta na kazi yake ni kuvuta: hewa baridi iingie kwa mbele, ipite katika vijipezi, itokee nyuma, na ndiyo maana joto lake kwa kawaida huyapiga mapaja ya mwendeshaji. Mota yake ni ya umeme wa betri, na mota nyingi za namna hiyo waya zake mbili zikibadilishwa nafasi hugeuza mzunguko. Yangu ilikuwa imegeuzwa. Nikisimama, ilikuwa inachukua hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini na kuisukuma irudi mbele kupitia rejeta. Nikienda, ilikuwa inashindana na upepo wa mwendo, huyu anasukuma huku, yule kule, na katikati yao maji yanachemka. Mzee alibadilisha waya, akachana ukurasa wa daftari lake la madeni na kuuweka mbele ya rejeta, nao ukanasa kama umegundishwa. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu, na ningependa kila fundi anayegusa feni akifanye kabla ya kupokea malipo, kwa sababu feni inayozunguka na feni inayopoza kwa macho hazitofautiani.

Feni isipowaka kabisa, naanza na fyuzi, kisha plagi, kisha rilei, na mota huwa ya mwisho ingawa ndiyo watu wanayoikimbilia kununua. Pikipiki za zamani zina swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta. Ukizichomoa waya zake na kuziunganisha, ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka, na ikizunguka basi swichi ndiyo mbovu. Katika pikipiki zenye kompyuta, nyingi huiwasha feni zenyewe pale zinapopoteza habari za sensa ya joto, kwa hiyo feni inayowaka mara tu unapofungua ufunguo, injini ikiwa baridi, huenda inakuambia kwamba waya wa sensa umekatika.

Joto la hewa la Tanga, nyuzi 32 au 33 mwezi wa pili, hupunguza uwezo wa rejeta, kwa sababu joto huhama kwa kufuata tofauti kati ya maji na hewa. Unyevu, ambao sisi wenyewe unatunyima raha kwa kuzuia jasho kukauka, hauisumbui rejeta hata kidogo; rejeta haitoki jasho. Na baridi ya milimani haimaanishi feni itapumzika. Kutoka Mombo kupanda Lushoto, kilomita zisizozidi 35 za kona na mteremko mkali upande wa bonde, nikiwa na abiria na mzigo, gia ya pili, mwendo mdogo na injini ikivuta kwa nguvu, feni yangu huwaka mara nyingi kuliko siku nzima ya mjini. Nikishuka haijawahi kuwaka.

Maji ya kisima yenye magadi nimeacha kuyatia kwenye rejeta, maana huacha ukoko ndani ya mirija na hula aluminiamu. Hatuna barafu ya kuogopa hapa pwani, lakini kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo tunaihitaji. Iwekwe mbali na watoto na paka, kwa kuwa ni sumu yenye utamu. Plagi ya feni naifungua kila baada ya miezi mitatu, naisafisha na kuipaka grisi kidogo.

Yule kijana wa Pangani nilimkuta tena safari iliyofuata, na safari hii hakuuliza kitu. Feni ilipoanza kuunguruma nilipozima, alichukua karatasi iliyokuwa imefungia karanga, akaisogeza mbele ya rejeta, akaiachia. Ikanasa, ikatetemeka hapo dakika mbili hivi, kisha feni ikazima na karatasi ikaanguka mchangani.