Laptopu ya zamani na Linux: kabla hujatafuta nyepesi kuliko zote

Swali hili naulizwa sana na linakuja vilevile kila mara, nina laptopu ya zamani, nitajie Linux nyepesi kuliko zote. Linux ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, na ziko za aina nyingi, kila aina inaitwa distro. Siku hizi kabla sijataja jina lolote namuuliza mtu kwanza, hiyo mashine ni ya nani na ataifanyia nini? Maana nyepesi kweli zipo, Tiny Core faili lake halifiki hata MB 30, mashine ya kizamani kabisa inaiwasha fasta tu, lakini mpe mwanafunzi anayetaka kuandika asainmenti na kuangalia somo YouTube uone kama ataitumia wiki mbili. Atarudi dukani kuwekewa Windows ya kuchakachua yenye virusi ndani, na mimi hicho ndo kitu kinachoniuma.

Na maswali yameongezeka kwa sababu inayojulikana. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, halafu Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, kwa hiyo kuna laptopu kibao nzima kabisa, kibodi nzuri, skrini nzuri, ambazo ghafla hazina pa kwenda. Kuzitupa ni dhambi kwa kweli, hasa huku kwetu ambako laptopu mpya ni hela ya kujichanga miezi.

Nichukue mfano wa niliyoshughulika nayo juzijuzi, Dell Latitude E6420, ni mashine ya 2011, Core i5 kizazi cha pili, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuzunguka (HDD). Ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada, anaanza chuo. Nilimuuliza unataka nini kwenye hii kompyuta, akasema, "Mjomba mi nataka niandike kazi zangu, nifungue PDF, WhatsApp ya kwenye kompyuta, na intaneti isinigandie." Basi, hapo ndo nilipoanzia.

Cha kwanza ni prosesa, ni ya biti 32 au 64, hapa hakuna mjadala kabisa. Ukiweza kuwasha Linux yoyote kutoka kwenye flashi andika lscpu kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) uangalie mstari wa pili pale, ukiona 64-bit uko salama na milango yote iko wazi. Ukikuta ni 32 tu, mfano vile vilaptopu vidogo vya Atom N270 vya 2008 na 2009, Acer Aspire One na Asus Eee PC, hapo chaguo zimebaki chache sana na zinazidi kupungua. Ubuntu na ndugu zake walishaachana na 32 zamani, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haiinstoliki tena kwenye mashine za hivyo, Chrome ya Linux ilishaziacha toka 2016 na Firefox nao waliufunga huo mlango 2025. Kwa hiyo mwenye Atom ya hivyo namwambia aweke antiX 23 ya 32, inatokana na Debian 12, ajue kabisa kwamba ni mashine ya kuandikia na kusikilizia muziki, mambo ya intaneti nzito asahau. Sitaki mtu adanganywe hapo.

Sasa RAM, na hapa ndo watu wanapotea. Mtu anasoma kwamba antiX ikiwaka inakula kama MB 250, Lubuntu kwenye 500 hivi, Mint ya Xfce, yaani yenye deskitopu nyepesi iitwayo Xfce, 700 na kitu, anaona aah antiX imeshinda. Imeshinda nini? Tofauti yote hapo ni nusu GB. Fungua Firefox, fungua WhatsApp, YouTube, na barua pepe, hizo tabo tu zinakula GB moja na nusu mpaka mbili, na zitakula hivyohivyo uwe antiX, uwe Mint, uwe wapi. Mzigo ni brauza, na sio distro. Kwa mwenye GB 1 au 2 hiyo nusu GB ni kubwa mno, apiganie kila MB, namuunga mkono. Ila mwenye GB 4 anajinyima deskitopu rahisi kutumia kwa faida ambayo haioni.

Kwa hiyo kwa GB 4 mimi niliweka mezani nne, Lubuntu, MX Linux ya Xfce, Debian yenyewe na Xfce, na Linux Mint Xfce. Zote nzuri, yeyote akikuwekea mojawapo usigombane naye. Lubuntu niliitoa kwa sababu moja tu, Firefox yake inakuja kwa mfumo wa snap (programu inafungashwa pamoja na kila inachohitaji) na kwenye diski ya kuzunguka mara ya kwanza kuifungua unakaa unaisubiri, mtu asiyejua anadhani kompyuta imeganda, anabonyeza tena na tena zinafunguka tano. Inaweza kuondolewa ukaweka ya kawaida lakini kwa nini nianze na kazi ya kurekebisha. MX naipenda sana, ina vile vifaa vyake vya MX Tools vinavyosaidia kweli, na mwenye GB 2 ningempa hiyo bila kusita, toleo lao la Fluxbox, deskitopu nyepesi zaidi. Debian ni mwamba, ila inategemea mtu anayejua kidogo anachofanya.

Nikabaki na Mint Xfce. Mint wameikataa snap toka toleo la 20, Firefox yao ni ya kawaida, mfululizo wa 22 unaendelea kupewa apdeti mpaka 2029 yaani atamaliza chuo nao, na kuna Timeshift ambayo inapiga picha ya mfumo ukiharibika unarudi nyuma. Halafu menyu iko chini kushoto, mtu aliyezoea Windows hahitaji darasa. Hilo la mwisho watu wa Linux tunalidharau na ndo linaloamua kama mashine itatumika au itawekwa juu ya kabati.

Ila jamani, kabla ya distro yoyote, badilisha diski! Kama una hela ya kitu kimoja tu kwenye laptopu ya zamani iwe SSD, ile diski isiyozunguka, hata ya GB 120 au 128 inatosha, ile ya SATA ya inchi 2.5 inaingia palepale ilipokuwa ya zamani, kwenye E6420 ni skrubu chache tu. Kuhama kutoka Windows kwenda Linux kwenye diski ya kuzunguka utaona tofauti, kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD utaona tofauti kubwa zaidi, ni kama umempa mgonjwa damu. Ukibakiwa na hela ongeza RAM, mashine za umri huu zinatumia DDR3 na fundi yeyote anazo za mitumba, ya mpwa wangu tuliipandisha mpaka 8 baadaye. Na ukiwa umeshaifungua pulizia lile vumbi kwenye feni, prosesa ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe na hakuna Linux itakayotibu vumbi.

Kama RAM huwezi kuongeza kuna zram, inabana vitu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuvitupa kwenye diski. Kwenye terminali andika sudo apt install zram-tools, halafu fungua faili la /etc/default/zramswap, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, uzime uwashe. Kwenye GB 2 na 4 msaada wake unauona kabisa tabo zikiwa nyingi.

YouTube nayo ina lake. Hizi mashine za 2011 kadi yake ya picha inajua kufungua video zilizobanwa kwa mtindo wa H.264 lakini YouTube wenyewe wanapenda kutuma VP9 na AV1 ambazo hiyo kadi haizijui, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa, feni inapiga kelele na video inakatakata. Weka kiongezo kinaitwa h264ify kwenye Firefox, kinawalazimisha watume H.264, na weka uBlock Origin maana matangazo nayo yanakula RAM na yanakula bando. Chagua ubora wa video wa 480p kama huna haja ya zaidi.

Bando lenyewe sasa. Faili la Mint ni karibu GB 3, na ukimaliza kuinstoli kuna apdeti za mamia ya MB, kwa hiyo kama una rafiki mwenye faiba nenda naye kwa heshima na flashi yako, au subiri bando la usiku. Kisha kwenye setingi za Apdeti Meneja zima ile ya kutafuta apdeti yenyewe kila mara, mfundishe mtu abonyeze mwenyewe akiwa kwenye waifai ya chuo. Na kama waifai ya laptopu haijatambulika, hasa zile kadi za Broadcom, usihangaike, chomeka simu kwa waya wa USB washa kushea intaneti, Linux inaipokea hapohapo, halafu ingia kwenye Draiva Meneja umalizie.

Usiinstoli kabla hujaijaribu kutoka kwenye flashi. Washa, usibonyeze instoli, kaa nayo, jaribu sauti, waifai, kamera, kitufe cha mwanga wa skrini, funga kifuniko ufungue uone kama inaamka. Hiki cha kifuniko ndo kinachosumbua zaidi kwenye mashine za zamani, na ni heri ukijue wakati Windows yako na mafaili bado yapo. Mafaili yako yahamishie kwenye diski ya nje kwanza, yote, mpaka picha.

Kwa wanafunzi lingine la muhimu ni fonti. Chuo wanataka Times New Roman saizi 12, Linux haiji nayo, ila LibreOffice inaweka Liberation Serif ambayo upana wa herufi ni uleule kwa hiyo kurasa hazihami. Kama wanataka Calibri kuna Carlito, nayo hivyohivyo. Andika, hifadhi nakala yako kwa docx kama mnashirikiana kwenye grupu, lakini unayomtumia mwalimu itoe PDF, kitufe kiko pale juu karibu na cha kuprinti.